Memori kubwa, jina kubwa: maneno ya sokoni kuhusu kadi za grafiki za zamani

Anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea Unreal au Need for Speed II SE jinsi zilivyochezwa mwaka 1998 hupewa ushauri mwingi kabla hajapata hata skrubu moja. Muuza kompyuta za mtumba ana lake, fundi ana lake, na jamaa aliyekuwa akishinda intaneti kafe enzi za Vice City naye ana lake. Mengi ya maneno hayo hayasemwi kwa nia mbaya. Ni masalia ya miaka ambayo kadi hizi zilikuwa mpya, na kila mnunuzi alitaka iliyo na kasi kuliko ya jirani yake. Mashindano hayo yalikwisha zamani. Kwa mashine ya kizamani kuna maswali matatu tu: gemu ipi, Windows ipi, mazabodi ipi. Tuyapitishe maneno ya sokoni kwenye maswali hayo tuone yapi yatabaki yamesimama.

Nianze na lile linalosemwa zaidi, kwamba kadi yenye memori kubwa ndiyo bora. Muuzaji hulisema kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo namba pekee anayoiona kwenye stika. Basi chukua GeForce FX 5200 yenye megabaiti 256, kadi ya mwaka 2003, uiweke kando ya GeForce4 Ti 4200 ya mwaka 2002 yenye megabaiti 64. Kwa hesabu ya stika, ya kwanza inaizidi ya pili mara nne. Kwenye gemu za wakati huo, hiyo ya megabaiti 64 inaipita kubwa kwa mbali. Hata ndani ya Ti 4200 yenyewe mambo yako kinyume na stika: toleo la megabaiti 64 lilitoka na memori ya kasi ya megahazi 500, la 128 likapewa ya 444. Aliyeongeza pesa ili apate memori nyingi alirudi nyumbani na memori ya polepole zaidi.

Kinachoamua zaidi ni upana wa njia kati ya chipu kuu na memori. Kadi yenye njia ya biti 64 na memori ya megahazi 400 inasafirisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde. Yenye njia ya biti 128, kwa memori ileile, inasafirisha 6.4. FX 5200 na MX 440 ziliuzwa kwa upana wa aina zote mbili chini ya jina lilelile, na anayesoma jina peke yake hawezi kuzitofautisha. Anayegeuza kadi na kuitazama anaweza. Chipu za memori za miaka ile, zile ndefu za mstatili zenye miguu pande mbili, nyingi hubeba biti 16 kila moja. Zikiwa nne, hizo ni biti 64. Zikiwa nane, kwa kawaida nne mbele na nne nyuma, ni 128. Zikiwa za mraba, nyingi hubeba biti 32 kila moja, kwa hiyo nne zinatosha kufikia 128. Ukiona nafasi nne tupu, zenye alama za miguu ya chipu ambazo hazikuwahi kuwekwa, umeshajua mtengenezaji alibania wapi. Zipo kadi zinazoivunja kanuni hii, hivyo ukipata nafasi ya kuiwasha, programu ya Everest kwenye Windows 98 au GPU-Z kwenye XP itakata shauri.

Dai la pili ni ndugu wa hilo la kwanza: namba kubwa kwenye jina ndiyo kadi kubwa. Hapa Nvidia wenyewe, watengenezaji wa GeForce, ndio walioupanda mkanganyiko. GeForce4 MX 440 ilitoka mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya GeForce3, na jina lake linakufanya uamini kuwa ni hatua mbele. Kwa asili ni mtoto wa ukoo wa GeForce2, na haina vivuli vya pikseli (pixel shaders) ambavyo GeForce3 ilikuwa navyo tayari. John Carmack wa id Software aliwatahadharisha watu hadharani mwaka huohuo wasiinunue kwa ajili ya Doom iliyokuwa njiani. Mwaka 2004 Doom 3 ilipotoka, ikawa inakubali kuwaka kwenye MX 440, ingawa picha yake ilikuwa imepunguzwa mengi.

Hata hivyo nina neno la kuitetea. MX 440 yenye njia ya biti 128 ni kadi inayodharauliwa bila haki. Half-Life ya 1998, Need for Speed: Porsche, Quake III Arena, Vice City, zote inazimudu bila jasho, inatumia umeme kidogo, nyingi hazina hata feni ya kuharibika, na kwa kuwa jina lake lina aibu ya kihistoria, bei yake huwa ya kutupwa. Kosa la mwaka 2002 lilikuwa kuilipia kama kadi ya kesho. Leo hakuna anayeitaka kwa ajili ya kesho.

Dai la tatu lina sura ya akili zaidi: kadi mpya ina nguvu zaidi, kwa hiyo itamudu chochote cha zamani. Hili ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi kuliko yote.

Kikwazo cha kwanza ni draiva. Draiva za mwisho za Nvidia kwa Windows 98 na Me ni toleo 81.98 la Desemba 2005, na kwa upande wa ATI ni Catalyst 6.2 ya mwanzoni mwa 2006. Kadi iliyozaliwa baada ya hapo, iwe na nguvu za kuendesha mji mzima, kwenye Windows 98 itakupa rangi 16 na dirisha dogo la kuhuzunisha. Lakini hata ndani ya zile zenye draiva, mpya zaidi si lazima iwe sahihi zaidi, na sababu yake inafaa kuelezwa taratibu.

Gemu za kati ya 1997 na 1999 zilificha umbali kwa ukungu, kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikuweza kuchora bonde zima kwa pamoja. Baadhi ya gemu ziliiachia kadi ikokotoe ukungu huo kwa kusoma kina cha kila pikseli kwenye jedwali. Kadi za Radeon za ATI hazikuibeba kazi hiyo. Gemu inawaka, inakwenda kwa kasi nzuri, ila ukungu haupo, na badala yake unaona milima ikichomoza ghafla kutoka hewani. Kuna pia suala la rangi. Ili kuokoa memori, baadhi ya gemu zilihifadhi picha za kufunika kuta na nguo kwa mtindo wa jedwali la rangi 256: kila nukta ina namba, na namba inaelekeza kwenye rangi. Nvidia waliliunga mkono jambo hilo mpaka mfululizo wa GeForce FX. Kuanzia GeForce 6 wakaliacha. Ndiyo maana GeForce FX, mfululizo uliochekwa mwaka 2003 kwa kushindwa na Radeon 9700 Pro, na kwa feni ya 5800 Ultra iliyopiga kelele hadi ikawa mzaha, leo unatafutwa na watu wa Windows 98. Uzuri wake hauko kwenye kasi. Ni wa mwisho unaokumbuka mambo yote hayo.

Splinter Cell inaonyesha jambo hilihili kwa upande wa XP. Kwenye GeForce3, GeForce4 Ti na GeForce FX, gemu ile ilichora vivuli kwa njia maalumu iliyotegemea chipu za Nvidia za wakati huo. Ukiiwasha kwenye kadi ya miaka mingi baadaye, taa na vivuli vinakosekana mahali ambapo mchezaji anatakiwa kujificha gizani. Gemu ya kujificha gizani isiyo na giza! Nguvu ya kadi haikusaidii lolote hapo.

Na hata ukiwa na kadi sahihi, usikimbilie draiva ya mwisho. Kwa GeForce4 na FX kwenye Windows 98, wengi wanaojua hurudi kwenye toleo 45.23, kwa kuwa zile za baadaye ziliandikwa kwa ajili ya kadi nyingine na zikaanza kusahau tabia za gemu za kale.

Sasa tugeukie kambi ya upande wa pili, wale wasemao bila Voodoo hakuna retro. Hawa nawaelewa. Kampuni ya 3dfx ya San Jose, California, ilileta Voodoo mwaka 1996 pamoja na lugha yake ya kuchorea, Glide, na kwa miaka mitatu hivi gemu nzuri ziliandikwa kwanza kwa ajili ya Glide. Need for Speed II SE ya 1997 ni mfano halisi: ukiwa na kadi ya 3dfx unapata barabara laini na wadudu wanaojipigiza kwenye kioo cha gari, ukiwa huna unaachiwa picha ya mchangachanga inayochorwa na prosesa peke yake. Unreal ya 1998 nayo ilipendeza zaidi kwa Glide. Desemba 2000 kampuni ilitangaza kuuza mali zake kwa Nvidia, na tangu hapo kila kadi yenye nembo ile imekuwa kama kito.

Tatizo ni kwamba watu wanasema Voodoo kana kwamba ni kadi moja. Ile ya kwanza ina megabaiti nne na haiwezi kuonyesha hata menyu ya Windows. Inahitaji kadi nyingine ya kawaida kando yake, na kebo fupi nyuma ya kompyuta inayopitisha picha kutoka kadi moja kwenda nyingine, kebo ambayo ikiwa mbovu inafifisha maandishi ya skrini nzima. Uwezo wake wa kawaida ni pikseli 640 kwa 480. Voodoo2 inafika 800 kwa 600, na ukiziunganisha mbili, 1024 kwa 768. Voodoo3 ya 1999 inajitegemea na ndiyo rahisi kuishi nayo, ila inachora gemu za 3D kwa rangi za biti 16 tu na haipokei picha za kufunika zinazozidi pikseli 256 kwa 256, mipaka ambayo TNT2 ya Nvidia ya mwaka huohuo haikuwa nayo. Tena baadhi ya gemu za DOS zilizotengenezewa Voodoo ya kwanza hukataa kabisa kuitambua Voodoo3. Mwenye kutaka Tomb Raider ya DOS na Quake III kwa kadi moja ya 3dfx ajiandae kuhangaika.

Kwa hiyo andika orodha ya gemu zako kabla hujauliza bei. Ikiwa imejaa gemu za Glide za 1996 mpaka 1999, Voodoo3 inastahili pesa yake. Ikiwa ni Half-Life, Project I.G.I., Vice City na Age of Empires II, utakuwa umelipia nembo. Age of Empires II haina hata chembe ya 3D; kadi yoyote iliyowahi kutoka kiwandani inaichora.

Dai la nne husemwa na mafundi, tena kwa kujiamini: ikiingia kwenye sloti, inafaa. Kwa PCI ni karibu kweli. Kwa AGP ni hatari.

Sloti ya AGP ilikuja mwaka 1997 pamoja na chipseti ya Intel 440LX, na mwanzoni ilitumia volti 3.3. Baadaye ikashuka hadi 1.5. Ili watu wasichanganye, ukingo wa kadi wenye meno ya dhahabu ulikatwa pengo: pengo lililo karibu na bati la nyuma, lile linalofungwa kwa skrubu kwenye kasha, ni la volti 3.3; lililo mbali na bati ni la 1.5. Kadi yenye mapengo yote mawili inadai kuvumilia zote mbili. Sloti nayo ina kizuizi cha plastiki mahali panapolingana, au haina kabisa ikiwa inapokea zote. Voodoo3 ya AGP ina pengo la 3.3, kwa hiyo mazabodi ya Pentium 4 yenye chipseti ya Intel 845 inaikataa, na inaikataa kwa sababu nzuri. Anayechukua tupa akakwangua plastiki ili iingie, anachoma mazabodi kwa mikono yake.

Kinachotisha zaidi ni kwamba mapengo hayo hayasemi kweli siku zote. Zilitoka kadi za bei rahisi, baadhi zikiwa za familia ya TNT2, zilizokatwa mapengo yote mawili ilhali zinafanya kazi kwa 3.3 peke yake. Zinaingia kwenye sloti ya 845 bila kelele yoyote, kisha mazabodi inakufa. Kwa hiyo ukiwa na bodi ya volti 1.5 na kadi ya kabla ya mwaka 2000, usiamini umbo lake. Tafuta modeli kamili kwenye stika ya nyuma, usome sifa zake, ndipo uwashe.

Na kuna kompyuta ambazo sloti ya AGP haipo kabisa. Mashine nyingi za ofisi za mwaka 1999 na 2000 zilitumia chipseti ya Intel 810, yenye grafiki ndani yake na bila sloti hiyo. Hapo utatafuta kadi ya PCI: Voodoo3, GeForce2 MX au FX 5200 za aina hiyo zipo. PCI hupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, AGP ya 2x hupitisha 533, hivyo gemu za baada ya 2001 zitakwama kidogo. Za 1998 hazitajali.

"Imewaka, ni nzima." Hili la tano ndilo neno la mwisho dukani, linalosemwa huku mfuko ukifungwa. Kuonyesha menyu ya Windows kunatumia kipande kidogo sana cha kadi. Chipu ya memori iliyochoka, au feni inayozunguka kwa kusukumwa na kidole, haitajionyesha mpaka gemu ya 3D iwe imekwenda kwa muda. Ukiruhusiwa, iache programu ya kupimia grafiki, 3DMark2001 SE, ijirudie nusu saa. Tazama vinukta vya rangi visivyotulia, pembetatu zinazochomoka kwenye miili ya watu, skrini inayoganda. Michirizi inayoonekana tangu maandishi ya kwanza kabisa, kabla Windows haijaanza, mara nyingi ni memori, na hiyo hairekebishwi na draiva.

Mara nyingi hutaruhusiwa, kwa sababu rahisi: muuzaji hana mashine ya AGP ya kujaribia. Hapo macho yanafanya kazi. Angalia vichwa vya kapasita, vile vimtungi vya alumini. Kichwa kikiwa bapa ni salama kwa kutazama, kikiwa kimevimba au kina ukoko wa kahawia kimekwisha. Balaa la kapasita mbovu la miaka ya mwanzo ya 2000 halikuchagua jina: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex zenye kapasita za kuvimba, na modeli hizo, GX270 na GX280, ndizo hasa zinazonunuliwa kuwa mashine za gemu za zamani. Kisha geuza kadi uangalie karibu na meno ya dhahabu. Kadi hizi hutupwa pamoja ndani ya boksi kama dagaa, na bati la moja linang'oa vijisehemu vidogo kama punje ya mchele vya nyenzake. Mahali palipobaki lehemu mbili zinazong'aa bila kitu juu yake, kuna kitu kimeng'oka.

Wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, tuna adui wa ziada: chumvi ya hewani. Ukijani kwenye meno ya dhahabu unasafishika kwa kifutio cha penseli na spiriti. Ukijani ulioingia chini ya miguu ya chipu ni habari nyingine, na hiyo mwachie muuzaji abaki nayo.

Wakati mwingine kadi inauzwa ikiwa imekufa, pamoja na maelekezo: iweke kwenye oveni ya jikoni, itafufuka. Hapana. Lehemu ya risasi ya kadi za zamani huyeyuka nyuzijoto 183, ile isiyo na risasi, iliyoenea baada ya sheria ya Ulaya ya Julai 2006, karibu 217. Kwenye kadi nyingi zilizowahi "kufufuka" kwa oveni, kilichokuwa kimekatika si lehemu hiyo ya kadi, ni viungo vidogo ndani ya chipu yenyewe, kati ya silikoni na ubao wake, na joto lilivigusanisha kwa muda tu. Nvidia ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 mwezi Julai 2008 kwa sababu ya udhaifu wa aina hiyo kwenye chipu za kompyuta za mkononi. Kadi ya 1999 haifi kwa ugonjwa huo kwa kawaida. Inakufa kwa feni, kapasita au memori, na oveni haitibu hata kimoja. Na chakula cha jioni kitapikwa wapi baada ya hapo?

Dai la sita ni la kwetu hasa: kadi ya ofisi haichezi gemu. Makontena ya kompyuta zilizotumika Ulaya yanayoishia Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, hubeba kadi za kikazi, na wauzaji huziweka kando kama takataka. Zingine ni takataka kweli kwa mcheza gemu. Matrox G450 ina picha safi ya VGA na 3D dhaifu. Quadro NVS 280 hutoa picha kupitia soketi ya DMS-59, na kebo yake maalumu ilibaki ofisini huko Ulaya. Lakini Quadro4 700, 750 na 900 XGL zimejengwa kwa chipu ileile ya GeForce4 Ti. Anayezijua anazipata kwa bei ya mabaki, na zilitengenezwa kwa uangalifu kuliko kadi nyingi za dukani. Hakikisha mapema tu kwamba draiva utakayotumia inaitambua kwa jina lake, na kama kasha lako ni lile jembamba la OptiPlex, kwamba kadi ni ya kimo kifupi na ina bati lake fupi. Kadi fupi yenye bati refu haifungiki, na bati fupi peke yake ni gumu kulipata.

Kwa XP dai la saba linasema lazima kadi iwe ya enzi za XP. Si lazima. Draiva za mwisho za Nvidia kwa XP, 368.81, ni za mwaka 2016, na zinafika mpaka GTX 960. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hutumia wati 60, chini ya wati 75 zinazotolewa na sloti, hivyo nyingi hazihitaji waya wa ziada wa pawasaplai. Kwa gemu za kati ya 2004 na 2010 ni chaguo zuri, ukiikumbuka ile habari ya Splinter Cell. Ila kwa kadi za umri huu feki ni nyingi. GTS 450 na GTX 550 Ti zilibandikwa BIOS ya uongo zikauzwa kama GTX 1050 Ti. Dalili moja huonekana bila kuwasha: GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA ni ya uongo, kwa kuwa mfululizo huo hautoi ishara ya analogi kabisa. GPU-Z kuanzia toleo 2.12 la 2018 nayo huandika wazi kwamba kadi ni bandia.

Dai la nane silipingi lote. "Kwa nini uhangaike, emuleta zipo." DOSBox inamaliza karibu kila gemu ya DOS. nGlide na dgVoodoo zinatafsiri Glide ili kompyuta ya leo iielewe. 86Box inaiga Pentium nzima pamoja na Voodoo ndani yake, mradi prosesa yako ya sasa iwe na nguvu. Mtu anayetaka kumaliza gemu moja aliyoiacha utotoni, asinunue chochote. Kinachobaki nje ya emuleta ni monita ya chogo. Gemu za DOS za pikseli 320 kwa 200 zilionyeshwa mara 70 kwa sekunde, kwenye kioo cha uwiano wa nne kwa tatu. Kwenye skrini bapa ya mara 60, picha inayoteleza kwenda kushoto inashtuka kila baada ya muda, na duara linakuwa yai usipoirekebisha. Asiyeona tofauti hiyo ameokoa pesa.

Limebaki la bei: ghali ndiyo nzuri, kwa sababu ni adimu. Bei ya kadi hizi hufuata kumbukumbu za wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, na Voodoo5 5500 inauzwa ghali kuliko kadi nyingi zinazoishinda. Muuzaji wa hapa akishaona bei hizo kwenye simu yake, kila kadi yenye rangi ya kijani inakuwa antiki. Mjibu kwa vitu viwili: modeli kamili kutoka stika ya nyuma, na mashine ya kuijaribia. Akikosa cha pili, lipa kama unayenunua mbovu, na ikiwaka furahi. Na akikuambia anayo Voodoo5 6000, muulize ilifikaje, maana kadi ile haikuwahi kuingia dukani popote duniani. Zilizopo ni za majaribio, chache, na wanaozimiliki hawaziweki kwenye boksi moja na chaja za Nokia.